Kitufe Kilichoondolewa Bila Shauri

Tarehe 29 Februari mwaka 2012, mjini Barcelona, wakati wakubwa wa biashara ya simu za mkononi walipokuwa wamekusanyika huko kama ilivyo ada yao ya kila mwaka, kampuni ya Microsoft ya Marekani iliweka hadharani toleo la majaribio la mfumo endeshi wake uliokuwa ukija, Windows 8, ikampa ruhusa kila mwenye kompyuta na intaneti kulipakua bila malipo, kulitumia na kusema alionalo. Na kabla ya siku nzima kupita, kwa hesabu ya kampuni yenyewe, nakala zilizopakuliwa zilikuwa zimetimia milioni moja. Ni nadra bidhaa ambayo haijafika dukani kupata mapokezi ya namna hiyo, na mtu aliyeitazama idadi ile kwa mbali angeweza kudhani kuwa ni burhani ya mapenzi. Walakini shauku haijawa ridhaa. Wengi katika milioni ile waliwasha kompyuta zao, wakaona kioo kizima kimetandazwa vigae vya rangi kali, kila kigae na programu yake au habari yake, wakapata njia ya kuingia katika eneokazi walilolizoea, wakapeleka macho kwenye pembe ya chini upande wa kushoto, na kitu ambacho kwa zaidi ya miaka 16 hakikupata kukosekana mahali pale hakikuwapo.

Kitu chenyewe kilikuwa kitufe cha Start. Kilizaliwa pamoja na Windows 95, iliyozinduliwa tarehe 24 Agosti 1995 mjini Redmond kwa sherehe kubwa na kwa matangazo yaliyopambwa kwa muziki wa Rolling Stones, lakini asili yake haikuwa shangwe bali taabu, kwani wataalamu wa kampuni walikuwa wamewaketisha watu wa kawaida mbele ya Windows ya zamani, wakawatazama kwa subira, na wakatambua kwamba wengi walishindwa hata kujua waanzie wapi. Kitufe kimoja, kilichokaa mahali pamoja, kikimwita mtu aanzie hapo, kiliwaondolea watu fadhaa ile. Tangu siku hizo elimu ya kompyuta ya mamilioni ya wanadamu imeanzia kwenye pembe hiyo. Katika vyuo vidogo vya mitaani vya Mombasa, Nairobi na Dar es Salaam, ambako vijana walilipa ada kusoma pakeji ili wapate cheti cha kuombea kazi, zoezi la awali la mkono lilikuwa kushika kipanya na kukipeleka pale. Na karani wa idara, mhasibu wa chama cha ushirika na mwenye kibanda cha kuchapa barua, ijapokuwa hawakufanana kwa lolote jingine, walifanana kwa mwendo huo mmoja wa mkono, walioufanya pasi na kuuwazia.

Yaliyofuata hayafahamiki bila kulithamini jambo hili. Ujuzi wa mkono ni mali. Na mtu aliyeupata kwa muda wake na fedha zake, kisha akaamka siku moja akakuta haumfai tena, amepotewa na kitu, hata kama hakuna mhasibu atakayeuandika upotevu huo katika daftari lolote.

Insafu yataka nieleze pia hoja ya upande wa pili. Apple ilikuwa imetangaza iPad mwezi wa Januari 2010, na watu ambao hawakupata kamwe kuipenda kompyuta walionekana wakikishika kioo kile mapajani na kukipapasa kwa kidole kwa raha zao. Simu nazo zilikuwa zimekwisha kuwa kompyuta za mifukoni. Na Microsoft, iliyozoea usultani wa meza za ofisi, iliingiwa na hofu ya siku ambayo meza zenyewe zingehamwa. Steven Sinofsky, aliyekuwa mkuu wa idara ya Windows, pamoja na Julie Larson-Green na wenzao, waliazimia kutengeneza mfumo mmoja utakaokaa sawasawa kwenye kompyuta ya meza na kwenye kishikwambi, wakachukua vigae ambavyo kampuni ilikuwa imekwisha kuvijaribu katika simu zake za Windows Phone mwaka 2010, wakavifanya kuwa uso wa kila kitu. Juu ya hayo walikuwa na takwimu. Kompyuta za watumiaji walioridhia kushiriki zilikuwa zikipeleka kwa mtengenezaji hesabu za jinsi mfumo ulivyotumiwa, na hesabu hizo zilionyesha kwamba kati ya Windows Vista na Windows 7 matumizi ya menyu ya Start yalishuka kwa asilimia 11, kwa kuwa watu walianza kubandika programu zao kwenye baa iliyo chini ya kioo. Ikiwa menyu yazidi kuachwa, walihoji, kuna dhambi gani kuibadilisha?

Hoja hiyo ina nguvu, na walioitoa hawakuwa wajinga wala wenye kiburi cha kupindukia kama walivyosingiziwa baadaye. Lakini hesabu hueleza mtu amebofya mara ngapi. Haielezi alikuwa akitafuta nini, wala haiupimi utulivu wa moyo anaoupata kwa kujua kwamba kitufe kipo hata kama hakukigusa tangu asubuhi. Aidha mpango wa kupeleka hesabu ulikuwa wa hiari, na katika maofisi mengi wasimamizi wa mitambo walikuwa na desturi ya kuuzima, kwa hiyo sauti ya mtu wa ofisi, ambaye ndiye mteja mkongwe wa Windows, yamkini ilikuwa hafifu kuliko stahili yake katika hesabu zile. Kuhesabu watu ni kazi ya maana, ila aliyehesabiwa hajaulizwa.

Kuna tukio moja ambalo wachache wanalikumbuka, nami naliona kuwa ndilo ufunguo wa kisa chote. Toleo la kwanza la majaribio, walilopewa watunga programu mwezi wa Septemba 2011 katika mkutano wa Anaheim, California, lilikuwa bado na kitufe pembeni, ingawa kilipobofywa kilimrusha mtu kwenye vigae. Na wajuzi wakagundua kwamba kwa kubadilisha thamani moja tu katika rejista ya mfumo, menyu ya zamani hurudi nzima nzima kama ilivyokuwa. Walifurahi, wakaambizana. Toleo la Februari lilipowadia, kitufe kilikuwa kimeondoka na ujanja ule haukufua dafu tena. Malalamiko ya miezi mitano yalisikiwa, yakasomwa, yakajibiwa kwa maelezo marefu yenye michoro na majedwali, na jibu la vitendo likawa kuuziba hata ule upenyo mdogo.

Ili msomaji asidhani kwamba watu walilia kwa kudeka, na atazame shughuli moja tu, ile ya kuzima kompyuta jioni. Katika Windows 7 mtu alibofya Start, akabofya neno la kuzima, akatwaa mkoba wake akaenda zake. Katika toleo la majaribio la Windows 8 alipaswa kukipeleka kipanya hadi pembe ya kulia ya kioo, ya juu au ya chini, pasi na kubofya; angoje kidogo hadi alama tano zijitokeze ubavuni kama vivuli vyeupe; akipandishe au akishushe kipanya kwa kuufuata ukingo ule ule, maana akienda kombo alama hutoweka; achague alama ya mipangilio; ndani yake achague alama ya umeme; ndipo aone ruhusa ya kuzima. Juu ya kioo hapakuwa na maandishi yoyote ya kumwelekeza. Mwenye vioo viwili vilivyounganishwa alikuwa na msiba wa ziada, kwani pembe aliyoitafuta haikuwa na kizuizi, na kipanya kiliteleza kikaingia kioo cha pili huku mwenyewe akikikimbiza. Wako walioishia kubonyeza kitufe cha umeme cha mtambo wenyewe. Na mtu akikosa njia ya kuzima ila hiyo, sharti tukubali kwamba mbunifu amepitiwa.

Mwezi wa Machi 2012 mtangazaji wa mambo ya teknolojia, Chris Pirillo, alimketisha baba yake mzazi mbele ya mfumo huo, akawasha kamera, akajizuia kumsaidia. Na mzee, ambaye hakuwa mgeni wa kompyuta, aliingia katika eneokazi na asijue namna ya kurudi alikotoka. Filamu ile fupi ilienea kwa kasi, maana kila aliyeitazama alimwona ndani yake mzazi wake au alijiona mwenyewe. Julai, Gabe Newell, kiongozi wa kampuni ya michezo ya kompyuta ya Valve, alitamka mjini Seattle kwamba Windows 8 ni balaa kwa kila mwenye riziki katika biashara ya kompyuta. Kauli hiyo ilinukuliwa kila mahali, ingawa ni haki kukumbusha kwamba bwana huyo alikuwa na duka lake la michezo, Steam, na Microsoft ndiyo kwanza ilikuwa ikifungua duka la programu ndani ya mfumo wake. Ushahidi nilioutia maanani zaidi ni wa Jakob Nielsen, mtaalamu wa urahisi wa matumizi, ambaye baada ya mfumo kuingia sokoni tarehe 26 Oktoba aliwajaribu watu 12, akatangaza mwezi wa Novemba kwamba mambo mengi yamefichwa mno, kwamba uso wa vigae hubeba habari chache katika nafasi kubwa, na kwamba wageni na mabingwa wote wamepata hasara.

Si kwamba mfumo haukuwa na sifa. Kompyuta iliwaka upesi kuliko zamani, kazi ya kunakili faili iliweza kusimamishwa na kuendelezwa, na bei ya kuhamia toleo la Pro ilikuwa dola 39.99 hadi mwisho wa Januari 2013, bei ya huruma kwa desturi ya kampuni hiyo. Wenye vioo vya kuguswa waliusifu, na hawakukosea. Lakini mpangaji, hata kama mwenye nyumba amemtilia bati jipya na kumpunguzia kodi, ana haki ya kuhamaki akiamka na kukuta jiko lake limehamishiwa usiku chumba cha kulala.

Kivinjari nacho kilikuja na kisa chake. Internet Explorer 10, iliyofungamanishwa na mfumo huo, ilikuwa na sura mbili zilizoishi chini ya paa moja pasi na kusemezana: moja ya upande wa vigae, iliyojaza kioo kizima, baa yake ya anwani ikiwa chini na kurasa zilizofunguliwa zikiwa zimefichwa mpaka mtu aziite, nyingine ya upande wa eneokazi, yenye umbo la zamani. Mtu alifungua kurasa tano upande mmoja, akavuka kwenda upande wa pili kwa haja nyingine, akaifungua alama ile ile ya herufi e ya buluu, akakuta hakuna hata ukurasa mmoja. Sura ya vigae haikukubali programu-jalizi, kwa hiyo video zilizocheza eneokazi huenda zisicheze huko. Watu waliuliza kivinjari chao ni kipi kati ya hivyo viwili, na swali lao lilikuwa sahihi kabisa.

Ila palipotokea kioja cha kweli ni katika suala la siri ya mtumiaji. Siku zile wataalamu walikuwa wakitunga ishara iliyoitwa Do Not Track, ambayo kivinjari huipeleka kwa kila tovuti ili kuiambia kwamba huyu bwana au bibi hataki nyayo zake zifuatwe na wauza matangazo. Mwishoni mwa Mei 2012 Microsoft ikatangaza kwamba Internet Explorer 10 itaipeleka ishara hiyo tangu mwanzo, mtumiaji asipofanya lolote. Mtu angetarajia mlaji ashangilie na mambo yaishe. Kumbe ndipo watangazaji walipopiga yowe, na hoja yao ilikuwa ya kustaajabisha kwa vinywa vilivyoitoa. Walisema ishara haina thamani isipotokana na hiari ya mtu mwenyewe, na kwamba haifai kampuni kumsemea mtumiaji ambaye hakufungua kinywa. Baadaye mwaka huo Roy Fielding, mmoja wa waasisi wa kanuni zinazouendesha mtandao na mmoja wa watunzi wa ishara hiyo, alitia katika programu ya seva ya Apache amri ya kuipuuza ishara itokayo kwa kivinjari hicho. Na mwezi wa Oktoba Yahoo ikatangaza kwamba nayo haitaitii.

Naomba msomaji aziweke kesi hizi mbili mkabala. Kampuni ilipoondoa kitufe kwa kumsemea mtumiaji kwamba hakihitaji tena, hakuna mfanyabiashara mkubwa wa matangazo aliyesimama kudai kwamba mtumiaji aulizwe kwanza. Ilipomsemea kwamba hataki kufuatiliwa, jambo ambalo yumkini angelisema mwenyewe lau angeulizwa, ghafla hiari yake ikawa kitu kitakatifu. Sidai kwamba Fielding alikuwa na nia mbaya. Kwa upande wa kanuni alikuwa na hoja. Nasema tu kwamba hiari ya mtumiaji hupata mawakili wengi pale inapookoa faida ya mtu, na mayatima wake ni zile nyakati nyingine zote. Ishara yenyewe haikuishi maisha marefu: mwaka 2015 Microsoft iliacha kuiwasha kwa kawaida, na leo tovuti nyingi haziijali hata kidogo.

Ulaya, kwa upande wake, sheria ilikuwa imekwisha kumsemea mtumiaji kwa namna yake, kwa kuilazimu Microsoft imwonyeshe dirisha la kuchagua kivinjari akitakacho. Na kwa kuwa dirisha hilo lilikosekana katika Windows 7 iliyoongezewa viraka vyake vya kwanza, kuanzia Mei 2011 hadi Julai 2012, Tume ya Ulaya ikaitoza kampuni faini ya euro milioni 561 mwezi wa Machi 2013.

Huku kwetu mjadala huu haukuwa na kelele. Hapakuwa na mikutano wala maandiko makali. Palikuwa na mafundi. Mtu alinunua kompyuta ya mapajani iliyokuja na Windows 8, akahangaika nayo siku kadhaa, kisha akaibeba hadi kibanda cha fundi na kusema, "Fundi, nitolee hii, nipigie Windows 7." Fundi hakuuliza kwa nini, maana alikuwa amekwisha kuisikia haja hiyo kwa wengine, akachomeka diski yake na kazi ikaanza, uhalali wa diski hiyo ukiwa ni suala ambalo pande zote mbili zilikubaliana kutolizungumza. Wengine hawakufika hata huko, kwa kuwa mashine zao zilikuwa bado na Windows XP ya mwaka 2001, wala hawakuona sababu ya kuiacha. Kwingineko, wenye ujuzi walijitibu kwa programu ndogo: Classic Shell, iliyotolewa bure, na Start8 ya kampuni ya Stardock, ambazo kazi yake ilikuwa kurudisha menyu kwenye pembe ile. Bidhaa inayoleta soko la dawa za kuitibu imekwisha kupigiwa kura yake.

Sinofsky aliondoka Microsoft katikati ya Novemba 2012, majuma yasiyofika matatu baada ya mfumo kuingia sokoni. Tarehe 17 Oktoba 2013 ikaja Windows 8.1, na magazeti yakaandika kwamba kitufe kimerudi, jambo lililokuwa kweli kwa nusu: kitufe kilirudi, lakini aliyekibofya alirushwa kwenye vigae vile vile, sawasawa na kilivyofanya katika toleo la Anaheim miaka miwili nyuma. Alama ya kuzima mtambo ikawekwa juu ya uso wa vigae tarehe 8 Aprili 2014, ambayo kwa sadfa ndiyo siku ile ile Windows XP ilipoacha kupewa viraka vya usalama vya kawaida. Menyu yenyewe ilisubiri mpaka Windows 10, ambayo kabla ya kutolewa tarehe 29 Julai 2015 ilipitishwa mikononi mwa wajaribuji wa hiari walioandikishwa kwa wingi, wakawa wanapewa matoleo mfululizo na kupeleka maoni yao ndani ya mfumo wenyewe. Hapo wengi tuliamini kwamba somo limeeleweka.

Windows 10 ilitolewa bure kwa mwaka mmoja kwa wenye Windows 7 na 8.1, na kampuni, kwa shauku ya kuwahamisha, ikawa inafungua dirisha dogo la kuwakumbusha. Mwezi wa Mei 2016 watumiaji wakagundua kwamba kulifunga dirisha lile kwa kubofya alama ya X kwenye pembe yake, kitendo ambacho tangu enzi za Windows 95 kimemaanisha "sitaki, niondokee", kilihesabiwa kuwa ni kukubali ratiba ya kuhamishwa, na wako waliorudi kwenye kompyuta zao wakakuta zimekwisha kugeuzwa. Baada ya malalamiko kufurika, mwishoni mwa Juni kampuni ilitangaza dirisha jipya lenye kitufe cha kukataa kilichoandikwa waziwazi, mwezi mmoja kabla zawadi yenyewe haijafikia tamati yake.